Miguu ya Bibi na Chai za Watu

Harufu ya spiriti ya kusafishia vidonda hunirudisha utotoni mpaka leo. Wengine wakiinusa hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka mguu wa bibi yangu, Bi Zuhura, umenyooshwa juu ya kigoda katika nyumba yetu ya Mkunazini. Nilikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu. Bibi alikuwa amegundulika ana sukari, na daktari alimpa masharti mawili: aache vitu vitamu, na kila asubuhi aende kwa miguu nusu saa bila ya kusimama. Mama yangu, mwalimu aliyesomesha hata wakati wa likizo, alinikabidhi kazi. "Wewe ndiye jicho langu. Bibi'ko akila kitamu, n'ambie." Nikaitikia "Naam" kwa moyo wote, kwani mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu kwa maradhi hayo hayo. Alikaa barazani kwake, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti, nami kila nikipita mbele yake nilikimbia, huku naona haya kwa kukimbia.

Lakini sisi wa Mji Mkongwe tulikuwa hatujui kwenda kwa miguu bila ya kwenda mahali. Kila baraza lina mtu, na kila mtu anataka kujua wapi leo. Bibi alijaribu siku mbili, ya tatu akagoma. "Mtu mzima nizungukezunguke vichochoroni kama nliyepotelewa na mbuzi? Watu watasema nshachanganyikiwa." Basi akajipatia dawa ya aibu ile: kila asubuhi akawa anakwenda kumtazama mtu. Mgonjwa Malindi, mzazi mwenye kichanga Vuga, na mara nyingi kuliko wote shoga yake, Bi Rukia, kule Kiponda. Alijitanda buibui, akashika mkoba, akatoka mbiombio mimi nikimfuata nyuma, na mazoezi yakawa mazuri kweli, mpaka mlangoni. Ndani ilikuwako chai ya maziwa yenye iliki, visheti, na halua inayong'aa samli. Na kwetu mgeni hakatai kilicholetwa. Ukikataa umemtia mwenyeji unyonge mbele ya watu. "Mke mwenzangu," Bibi alikuwa akiniambia njiani, kwa utani wa mabibi na wajukuu wao wa kike, akinipangusa sukari mdomoni, "mama'ko asijue. Si unaona nnavyokwenda? Yote yanatoka kwa jasho." Nami nilikuwa nimekula visheti vingi kuliko yeye. Ningemsema vipi?

Asubuhi moja nilikuwa namimina maji, yeye akitia udhu, nikaona. Kiatu kilikuwa kimemchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia, nyama imegeuka nyeusi, na harufu imeshaanza. "Bibi, hapaumi?" nikamuuliza. Akainama akatafuta. "Wapi?" Hakuwa akihisi kitu, na jambo hilo lilinitisha kuliko kidonda chenyewe. Nilinyamaza siku nne. Kumwambia mama habari za kidole kulikuwa ni kuzimwaga na habari za chai, na za visheti, na za uongo niliomwambia mama kila mchana akirudi kazini. Bibi akishuka ngazi nilimtazama miguu tu, nikimwona tayari amekaa barazani na pini chini ya goti. Siku ya tano tulikuwa kwa Bi Rukia pamoja na wageni wengine wanne, na sahani ya halua ilipomfikia Bibi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele: "Msimpe! Bibi ana sukari, na kidole chake kinaoza!"

Sahani ilibaki mkononi mwa Bi Rukia. Hakuna aliyenikemea. Bibi alisimama polepole, akavaa viatu, tukarudi nyumbani, na mama aliporudi nikamweleza yote. Mama alimpeleka hospitali siku ile ile. Kidole kilikatwa, kisha cha pili yake, na wakatwambia tungechelewa kidogo mguu ungekwenda. Mguu ulibaki, lakini Bibi hakutoka tena. "N'toke niende wapi?" alimwambia mama. "Kila mlango nnaoingia watanitazama vidole." Alikaa ghorofani miaka mitatu, akala alichopimiwa, akaisha mwili, akafa. Hakunilaumu hata mara moja. Ila hakuniita tena mke mwenzake.

Sasa nina miaka hamsini na mitatu, na sukari ninayo mwenyewe. Siku hizi alfajiri wanawake wanapita na raba zao chini ya mabuibui, wakirusha mikono, na hakuna anayewauliza waendako. Nami nimo. Nikitoka kuoga hujitazama nyayo kwa kioo, kidole baada ya kidole. Lakini majumbani mwa watu nilikuwa bado nakunywa nilichopewa. Mwezi uliopita tulikwenda watu saba Chukwani kumpongeza mwenzetu aliyehamia nyumba mpya. Chai ikaletwa, imeshatiwa sukari. Nilikishika kikombe, nikakirudisha kwenye sinia. "Mnisamehe," nikasema, "mimi nna sukari." Nikatamani sakafu inimeze. Kisha kikombe kimoja kikarudishwa kando ya changu. "Hata mimi nnayo," akasema mwenzangu wa kando. Kisha chengine. Nilipoinua macho, kwenye sinia vilikuwa vitano, na mwenyeji naye alikuwa anakitua chake.