Batri ya Papa Faustin

Papa Faustin aliipenda gari yake nyekundu ya spoti, ya watu wawili tu, kupita kiasi. Juma zima alishinda mpakani Kasumbalesa akihangaika na karatasi za malori ya watu. Jumapili aliitoa, akaizungusha mtaani Makomeno taratibu, akairudisha. Halafu alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akaichomoa batri na kuibeba kama mtoto mchanga hadi sebuleni. Eti ikibaki ndani, alarmu itaikausha. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mkewe, Mama Marie-Thérèse, hakubishana naye. Umeme ulikatika kila leo, na batri imekaa pale imejaa, haina kazi. Akamwita fundi wa jirani amfungie taa mbili kwenye batri hiyo. Kwa taa hizo alishona nguo za harusi ya binti yao Chancelvie, usiku baada ya usiku, huku anaimba. Mkesha wa harusi taa zikafifia, naye akaenda zake kulala.

Asubuhi Papa Faustin akarudisha batri mahali pake, akamkalisha bibi harusi kando yake, akazungusha ufunguo. Kimya. Na babukwe, watu wa upande wa bwana harusi, wamejaa getini, walewale aliowatambia gari hiyo tangu siku ya posa.

“Papa Chancelvie, ni mimi,” mkewe akanong’ona dirishani. “Nilishona nayo.”

Papa Faustin akaitazama gauni ya binti yake. Bukwe huonyeshwa kuku na kiti kizuri, haonyeshwi shida. Lakini wale walikwisha kuvua makoti. Wakasukuma wakicheka, gari ikakohoa, ikawaka.

Kanisani, Chancelvie akashuka, akasimama mlangoni na maua yake, anamngojea baba amwingize. Baba hashuki. Mguu uko kwenye mafuta, maana gari ikizima haiwaki tena, na hajawahi kumruhusu mtu mwingine kuishika. Kwaya ikaanza. Mama Marie-Thérèse roho ikamuuma, kwani kosa lilikuwa lake. Akainama dirishani.

“Papa Chancelvie, mutoto eko anakungoya.”

Papa Faustin akamtazama binti yake, peke yake pale mlangoni. Akazima gari.

“Batatusukuma tena,” akasema, akifunga vifungo vya koti. “Babukwe beko bengi.”