Kidole Kilichotangulia Swali

Kidole kilikuwa juu, na mwamuzi wanayemwita Mama Kidole hakukumbuka kukiinua. Alikitazama kidole chake mwenyewe kama mtu anayemtazama panya aliyekatiza sebuleni mbele ya wageni. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Msichana aliyekuwa akipiga alisimama na gongo mkononi, mdomo wazi, na mrushaji aliyemtupia mpira ule alikuwa tayari amegeuka anarudi mahali pake. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kitu.

Wasioijua kriketi watasema, kwani kuna nini? Kuna jambo zito. Mpira ukimgonga mpigaji mguuni, na mguu huo ukawa umekinga vile vijiti vitatu vya nyuma yake, mpigaji ametoka. Lakini mwamuzi hana ruhusa ya kuinua kidole kumtoa mpaka timu inayorusha imgeukie na kuuliza kwa sauti, "Vipi hiyo?" Wasipouliza, hata kama ameona kwa macho yake mawili, ananyamaza na mchezo unaendelea. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza kabisa, na Mama Kidole alikuwa amelifundisha kwa waamuzi wengine watatu. Leo amelisahau mbele ya umati, tena kwenye fainali.

Na ili balaa likamilike, mrushaji alikuwa mtoto wa dada yake.

Siku za kazi mama huyu ni fundi wa miwani. Hukaa nyuma ya duka, kwenye chumba chenye dirisha moja na mashine ya kusugua lenzi, akiingiza vioo kwenye fremu na kunyoosha miwani iliyokaliwa na wenyewe. Kila mwenye kuleta miwani ya namna hiyo huapa kwamba ni mtoto aliyeikalia. Washabiki wanalijua duka lake, na wasipopenda uamuzi humpigia kelele, "Miwani unauza, kuvaa hujui!" Naye hucheka, maana kicheko cha uwanjani kwake ni cha bure. Kazi ya uamuzi ilimwangukia tu. Dada yake alipofariki alimchukua binti akiwa na miaka minane, akawa anamsindikiza mazoezini. Siku moja mwamuzi hakutokea, wakamvika yeye koti jeupe lililomfika karibu na visigino. Hakulivua tena. Binti humwita Mama Mdogo kila mahali, ila akikanyaga nyasi humwita "mwamuzi" kama wenzake.

Asubuhi ya fainali hiyo ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, kocha alibandika karatasi kwenye mlango wa stoo. Mrushaji yeyote atakayemaliza mashindano akiwa ametoa wapigaji wanane ataingia kambi ya timu ya taifa. Binti alikuwa ametoa saba. Mama Kidole aliisoma karatasi, akajikemea, akaisoma tena. Angependa asisimamie mechi ile, lakini mji wenyewe una waamuzi wanne wa kuhesabu na wawili walikuwa wagonjwa, na manahodha wa pande zote mbili walitia saini kwamba hawana neno naye.

Sasa mpigaji alikuwa anaondoka huku analia, na wachezaji wa timu ya mrushaji, baada ya kuzinduka, walikuwa wameanza kurukaruka. Kutoka ukingoni sauti ya mwanamume ikapasua, "Kidole cha ukoo hicho!" Watu wakacheka kicheko kibaya. Mwamuzi mwenzake, kinyozi mmoja mtu mzima, mpole, akaja mbio kutoka upande wake.

"Dada, waliuliza?"

"Hawakuuliza."

"Labda walinong'ona. Mimi nilikuwa mbali, upepo nao ulikuwa unavuma. Nikibanwa nitasema hivyo."

"Kaka, hawakuuliza."

"Lakini ametoka kweli?"

"Kijiti cha katikati. Hata kipofu angemtoa."

Kinyozi akashusha pumzi. "Basi unajua mtoto anabaki na saba."

"Kuhesabu najua."

Mama Kidole akamkimbilia yule mpigaji, akamshika bega kabla hajavuka kamba ya mpaka wa uwanja. "Rudi, mwanangu. Kosa ni langu." Kisha akamwita nahodha wa timu inayorusha, akasema kwa sauti ya kufika ukingoni: "Niliinua kidole bila kuulizwa. Pasipo swali hakuna kutoka. Mpigaji anaendelea."

Hapo sasa palikuwa na jambo ambalo Mama Kidole na kinyozi walilijua, na hawakuruhusiwa kulitamka. Swali halina haraka. Timu inaweza kuuliza hadi mrushaji aanze kukimbia kwa mpira unaofuata. Nahodha angetamka maneno mawili tu pale pale, "Vipi hiyo?", kidole kingepanda tena, safari hii kwa halali. Lakini mwamuzi hamfundishi mchezaji. Akasimama, akajifanya anakunja mikono ya koti, akaikunjua, akaikunja tena. Uliza, alikuwa akisema kimoyomoyo. Uliza, mtoto wa watu, uliza.

Nahodha alikuwa msichana mwerevu. Alikunja uso, akamgeukia mrushaji wake. "Eti, hatuwezi kuuliza sasa hivi?"

Binti alikuwa anafuta mpira kwenye suruali. Hakuinua macho. "Muda umepita," akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tuendelee."

Mama Kidole alipigwa na butwaa. Kanuni ile binti aliijua kwa moyo. Ni yeye aliyemshikia kitabu mezani jikoni jioni za kujiandaa na mtihani wa uamuzi, akimuuliza maswali huku anamenya viazi, na swali lile la muda walilirudia mpaka wakalichoka. Mtoto alikuwa amesema uongo mchana kweupe, mbele ya mtu anayejua kuwa ni uongo na ambaye hana ruhusa ya kumsahihisha. Kisha akarudi nyuma hatua zake kumi na mbili, akakimbia, akarusha. Mlango ukafungwa.

Yule mpigaji aliyerudishwa alifuta machozi, akaupiga mpira uliofuata ukavuka kamba, na mwingine, na baada ya dakika ishirini timu yake ikashinda fainali. Kocha akasoma majina ya kambi. Binti hakuwemo. Watu kadhaa walikuja kumpa mkono Mama Kidole wakamwambia ana roho ya haki, na hata yule aliyepiga kelele za ukoo alikuja, akaomba radhi. Alizipokea pongezi zote bila kusikia hata moja.

Alimkuta binti kwenye karo la nyuma ya stoo, ananawa vumbi miguuni.

"Ule mpira uliuona?"

"Niliuona, Mama Mdogo."

"Uligonga wapi?"

"Mguuni, mbele ya kijiti cha katikati."

"Na ukamwambia nahodha wako muda umepita. Wewe! Kanuni unaijua kuliko mimi! Kwa nini?"

Binti akafunga bomba. "Mimi kwako siulizi."

"Huulizi nini?"

"Siulizi tu. Ukiwa wewe ndiye umesimama upande ninaorusha, siulizi, na wenzangu nisipouliza hudhani mpira haukufaa. Mwaka jana niliuliza, ukamtoa yule msichana mrefu. Tulipoingia kubadilisha nguo wakaanza, eti mimi nalishwa kwa kidole cha mama. Wakaimba kabisa. Tangu siku ile nikasema basi. Wale saba wote niliwatoa upande wa yule mzee kinyozi."

Mama Kidole akashika ukingo wa karo. Wiki iliyopita tu alikuwa amejisifu dukani kwamba mtoto wake ana adabu, hapigi kelele za kuuliza ovyo kama wengine.

"Mara ngapi?" akauliza. "Mashindano haya tu. Ni mara ngapi umenyamaza?"

Binti akahesabu kwa vidole. "Na ya leo, nne."

Nne. Yaani kumi na mmoja. Yaani kambi ilikuwa yake tangu juzi, na angeweza kulala leo mchana kutwa. Na hakuna wa kumwendea na madai hayo, maana ni yeye mwenyewe aliyetangaza mbele ya uwanja mzima kwamba pasipo swali hakuna kutoka.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Neno moja tu. Ningekaa pembeni, wangemtafuta mwamuzi mwingine hata mji wa pili."

"Ndiyo maana sikukuambia," binti akasema, akichukua viatu vyake. "Ungeacha. Na tangu mama afariki, mimi nakuona unacheka ukiwa umevaa hilo koti tu."