Zamu ya Evaline

Wifi yangu Evaline hali chakula amekaa. Anakula amesimama, sahani mkononi, na akimaliza anaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Akija kwangu mtaani Saint-Josse, kabla sijamkaribisha kiti keshapanga upya kabati la vikombe. Zamani nilidhani ananisema kimyakimya kwamba mimi mchafu, nikamnunia wiki nzima. Kaka yangu Herman, mumewe, ndiye aliyeniambia nisijisumbue. Mkewe ameishi hivyo miaka ishirini na mbili kwa sababu kazi yake ni kungoja kuitwa, na mtu anayengoja kuitwa hajui kukaa.

Evaline ni Mwingereza. Nalisema hilo makusudi, maana Waswahili wa hapa Brussels wakimwona, na lile jina la baba yake la Kipare, wanamuuliza ametoka Same lini. Ametoka Leicester. Mama yake alikuwa mkunga huko, baba yake fundi wa maabara, na Kiswahili chake ni cha mezani kwao: anajua “nyamaza” na “maliza mboga,” lakini mkigusa siasa anahamia Kiingereza. Amesomea kuigiza michezo ya nyimbo, ile ambayo mtu anaongea kidogo, muziki unapanda, halafu anaanza kuimba shida zake huku anacheza. Mimi mwenyewe nilikuwa naona ni upuuzi mpaka nilipomsikia.

Kazi ya kwanza aliimba kwenye meli ya watalii. Ya pili ilikuwa mchezo wa Krismasi wa watoto, mji fulani wa baridi kaskazini mwa Uingereza. Nikamuuliza, ulikuwa nani humo? Akasema ng'ombe, miguu ya nyuma. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Hakukasirika hata kidogo. Alinieleza kwa makini, kama daktari anavyoeleza ugonjwa, kwamba ngozi ile huvaliwa na watu wawili, na miguu ya nyuma ndiyo migumu kwa sababu wa mbele anaona njia na wewe huoni kitu.

Kisha akaingia London, na hapo ndipo maisha yake yalipokwama. Kulikuwa na mchezo kuhusu wasichana waunganisha simu wa posta wakati wa vita, mkuu wao anaitwa Nora. Mchezo ule uliendelea miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo Evaline alikuwa mbadala. Alizijua nafasi saba kwa moyo. Anafika, anapasha sauti, anakaa chumba cha nyuma. Mwenzake akiteguka mguu, au mtoto wa mwenzake akipata homa, anavalishwa gauni la mwenzake, linabanwa kwa pini mgongoni, anasukumwa jukwaani. Alipanda mara arobaini na moja. Amekuwa Betty, amekuwa Ruth, amekuwa mama wa Ruth. Nora hakuwahi kuwa, kwa sababu mwanamke aliyemcheza Nora alikuwa na afya ya trekta.

Akaolewa na Herman, wakahamia mtaa wa Ixelles hapa Brussels, akaanza kufundisha uimbaji watoto wa wakubwa kule Uccle. Nikadhani sasa atatulia. Wapi! Mwaka jana mchezo uleule ukafufuliwa na kuzungushwa Ulaya, wiki mbili za mwisho hapa hapa Brussels, na wenyewe wakamtafuta awe mbadala wa Nora, kwa kuwa anaishi karibu na nafasi anaijua. Alikuja kunieleza huku anazunguka meza yangu.

“Wifi, nina forty-six. Baada ya hii naacha,” akasema. “Nikimkosa Nora safari hii, ndiyo basi tena.”

Nikamwambia akae. Hakukaa.

Sasa, Nora wa safari hii alikuwa Abigaël, binti wa miaka ishirini na minne aliyekulia mtaa wa pili kutoka kwangu na kusomea London. Mama yake ni Marie-Claire, mtu wa Bukavu, aliyefika hapa kama mkimbizi na sasa anatunza wazee. Ndiye mwenye nyumba tunamosali kila Jumamosi asubuhi, Watanzania wachache na Wakongo wengi, tukibanana sebuleni mwake. Abigaël alipopata nafasi ile, Marie-Claire alitangaza mpaka kwa wauza mboga.

Jumamosi ya kwanza ya maonyesho, papa Lucien, kiongozi wetu, akauliza nani ana ombi. Evaline akainuka. Kiswahili kikamgomea, kama kawaida, akatafuta neno akalikosa, akasema tu, “Niombeeni. Kazini nangoja zamu yangu. Niombeeni ifike.”

Zamu! Sisi sote, hata mimi niliyedhani safari hii wamempangia siku yake, tukaelewa kama wanavyoelewa watu wanaopanga foleni manispaa: umechukua namba, utaitwa. Na aliyeomba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Marie-Claire. Alimshika Evaline mabega, macho kayafumba.

“Bwana, unajua vile huyu maman ameteseka kungoja! Umufungulie mulango! Apande, Bwana! Apande hii semaine, hii wiki!”

Tukasema amina. Mimi nilisema mara tatu.

Tulipokuwa kwenye basi la Ixelles, nikimsindikiza kwake, nikamuuliza zamu yenyewe ni siku gani, nipange kuja. Akatazama dirishani.

“Haina siku, wifi. Mpaka Abigaël asiweze.”

“Asiweze vipi?”

“Augue. Aanguke. Apotewe na sauti.”

Nilihisi jasho, na ilikuwa Novemba. “Ina maana tumemfanya Marie-Claire aombe kwa kinywa chake mwenyewe mwanawe augue? Evaline! Na wewe umesimama pale umenyamaza?”

“Nilitafuta neno.”

“Ungesema kwa Kiingereza!”

Alishuka vituo viwili kabla ya kwake, akasema anataka kutembea. Nikamwona kupitia kioo anakwenda mbio kwenye lami ya Chaussée d'Ixelles, mkoba unampiga kiunoni, na hasira zangu zikageuka huruma. Mimi huwa hivyo, siwezi kumkasirikia mtu nikishamwona mgongo.

Ijumaa ya wiki ya pili Abigaël akapata mafua. Ijumaa ileile akaimba. Jumamosi akaimba tena, ingawa noti moja ya juu ilimvunjikia. Sikwenda kusali siku hiyo; nilijifanya naumwa mgongo. Ikabaki Jumapili, onyesho la mwisho, saa tisa alasiri, na Marie-Claire alikuwa amekusanya watu ishirini wa sebuleni kwake waje kumwona mwanawe.

Mimi nilifika mapema kumpelekea Evaline wali na maharage, nikijua hajala. Nilimkuta chumba cha nyuma anapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Ndipo Abigaël akaingia, skafu shingoni, macho mekundu.

“Maman Eva, unisikilize kidogo. Docteur amesema hakuna kitu, niangalie vile najisikia. Bon, lakini naogopa. Mama atakuwa pale na bantu yote. Wewe unajua hii kazi kunipita. Nikuimbie, halafu uniambie kweli.”

Akafungua skafu, akaimba mistari minne ya wimbo wa mwisho wa Nora, mpaka kule juu kabisa. Mimi si mtaalamu. Kwangu ilikuwa sauti tamu, nikashikilia bakuli langu la wali nikiwa na machozi.

Evaline alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuna kiungo chake kilichotikisika. Akamfunga yule binti skafu yake taratibu.

“Kuna kitu nakisikia pale juu, mwanangu,” akasema. “Kinakwaruza. Pumzika leo. Usije ukajiharibu, una miaka mingi mbele.”

Abigaël akalia, akamkumbatia, akaenda kuwaambia wakubwa kwamba hapandi. Na mimi nikajisikia fahari, nikajisema huyu ndiye mama wa watu, alivyo mpole.

Walipotangaza kwamba Nora atachezwa na Evaline, ukumbi uliguna. Marie-Claire, safu ya tatu, aliangusha maua mapajani. Halafu taa zikazimika na wifi yangu akatoka.

Sitajifanya najua kueleza. Nasema tu kwamba niliyemwona pale hakuwa yule wa vikombe. Alikaa kwenye kiti cha mwunganisha simu, akakaa kweli, na alipoimba aliwaita waliokufa vitani mmoja mmoja kwa majina kwenye ile simu yake mpaka mzee wa Kibelgiji pembeni yangu akavua miwani. Mwisho watu walisimama, na wa kwanza kusimama alikuwa Marie-Claire. Baadaye alimfuata huko nyuma, akamkumbatia mbele ya kila mtu.

“Aksanti, maman. Abigaël ameniambia ni wewe ulimukataza. Batoto ya leo hawajuake kujichunga. Umemuchungia mutoto yangu, Mungu atakulipa.”

Evaline alisimama mikono chini kama mtu anayepimwa nguo.

Wiki iliyofuata hakupatikana. Herman alisema anatembea tangu asubuhi hadi giza, anarudi amechoka, anapika na halali. Nikasema ni furaha, mwacheni, kangoja miaka ishirini na mbili. Jumamosi akatokea kwenye sala amevaa vizuri, na papa Lucien, uso wote kicheko, akamwomba atoe ushuhuda namna maombi yetu yalivyojibiwa. Wengine walishaanza kupiga vigelegele.

Evaline akasimama. Safari hii maneno hayakumgomea, nadhani alikuwa ameyatafuta wiki nzima.

“Sauti ya Abigaël ilikuwa nzima,” akasema. “Aliniimbia, nikasikia nzima kabisa. Hakuna kilichokwaruza. Nilimwambia uongo kwa sababu nilitaka kupanda. Na nilipoomba mniombee zamu, nilijua ni zamu ya nani.”

Papa Lucien alikohoa, akajaribu kuanzisha wimbo. Marie-Claire akamwinulia mkono anyamaze.

“Aliimba mistari ngapi mbele yako?”

“Mistari minne.”

“Na ilikuwa muzuri?”

“Nzuri kuliko yangu.”

Nilingoja tusi. Ningekuwa mimi ningelitoa, na kofi juu yake. Lakini Marie-Claire hakupandisha hata sauti, na hilo likanitisha zaidi.

“Tangu ile dimanche ya mwisho ya mchezo mutoto yangu haimbi,” akasema. “Hata akioga ku douche haimbi. Siku ya mardi walimuita London wamusikilize, alikataa kwenda. Anasema maman Eva alisikia kitu kinakwaruza ku juu, na maman Eva hakoseake. Iko ku cuisine, anatupikia chai. Enda umwambie yeye. Usiniambie miye.”

Evaline aliondoka kama anayevutwa. Nilimfuata, sikuitwa, lakini nilimfuata. Abigaël alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, na redio ilikuwa imezimwa. Evaline akamwambia yote, kwa Kiingereza, haraka, kisha akarudia kwa Kiswahili, polepole: hakukuwa na kitu, mwanangu, sauti yako ni nzima, mimi ndiye niliyekuwa mwovu.

Yule binti alimsikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono kooni, akameza mate, akamtazama wifi yangu, na usoni mwake sikuona hasira bali mtu anayekokotoa hesabu ngumu.

“Maman Eva,” akasema, “sasa nitajua aje? Pengine na leo unasema hivi juu ya kunipa moyo tu.”

Chai ilichemka ikafurika juu ya jiko, hakuna aliyeigusa, na binti alikuwa bado anamtazama, anangoja jibu.