Vitenge vya Kampeni

Tangu Abigaëlle arudi shuleni na vumbi jekundu kwenye sketi, mama yake, Ntumba, hakutulia. Sokoni Kampemba alimpimia mteja unga wa muhogo, akaumwaga, akapima tena. Darasa zima la binti yake lilikuwa linakaa sakafuni kwa kukosa viti.

Kilichomkera zaidi ni kitenge alichojifunga mwenyewe. Kilichapwa uso wa mbunge wao, akitabasamu. Wakati wa kampeni wanawake wa mtaa wao wa Bel-Air walipanga mstari kukipokea, na Ntumba, aliyelelewa asipokee zawadi bila kurudisha fadhila, aliirudisha kwa kura. Habari za shule hakuuliza. Baadaye alikwenda ofisini kwa mheshimiwa, akarudi tena na tena. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: yuko Kinshasa.

Ndipo ikasikika kwamba mbunge anakuja shuleni kuzindua rangi mpya ya ukuta. Ntumba akazunguka nyumba kwa nyumba, hata chakula hakukikumbuka.

“Mulete vile vitenge vyenu vyote,” aliwaambia akina mama. “Batoto bamechoka kukaa mu vumbi.”

Mbunge alipofika, alikuta darasa limetandikwa uso wake kuanzia mlangoni hadi ubaoni, na watoto wameukalia, daftari mapajani. Akasimama kizingitini.

“Ingia tu, Honorable,” alisema Ntumba. “Hivi njo viti ulitupatia.”

Mheshimiwa alitafuta pa kuweka kiatu, asipaone.