Kitabu cha ovyo kuliko vyote nilivyosoma ndicho kilichotubakiza nyumba moja

Heshima kwenu wakuu, wa kike kwa wa kiume.

Nimepita kwenye nyuzi zenu za kuponda muvi na series, nimecheka peke yangu hapa Tunduma. Nina la kwangu, la miaka ya sabini. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini naliandika lilivyokuwa, bila chumvi.

Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Mama alifariki, baba akamfuata. Nikaacha shule darasa la tano, nikashika jembe na kulea wadogo zangu. (Enzi hizo tulianza shule tukiwa wakubwa, kwa hiyo nilikuwa msichana wa kuolewa tayari.)

Tulikaa kijiji cha ujamaa upande wa Mpemba. Baba mkubwa, kaka yake baba, akaamua tugawanywe. Ezekia aende Kamsamba kuchunga ng'ombe wa ndugu. Rehema aende Vwawa kwa mjomba. Yona, mdogo kabisa, ambaye nilikuwa bado nambeba mgongoni, achukuliwe na shangazi, aliyekuwa anajiandaa kumfuata mumewe Zambia baada ya mavuno.

Mimi nitafutiwe mume.

Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili, baada ya ibada. Sikuwa na wa kunitetea.

Sasa kitabu kinaingia hapa.

Jioni, wakitoka shamba, watu wazima walikuwa na darasa la kisomo. Mwalimu alikuwa kijana wa kujitolea, akisoma watu wanasinzia, kwa hiyo akanipa mimi kazi ya kusoma hadithi kwa sauti. Akatoa kitabu kimoja kwenye kabati la maktaba ya kijiji. Jina sitataja, huenda mwandishi ana wajukuu humu jukwaani.

Wakuu, kilikuwa kibovu!

Kila mwema ana meno meupe, kila mbaya ana macho mekundu. Shujaa analima ekari nzima hatoki jasho. Kila sura inaisha kwa mtu kutoa nasaha. Kuna mgonjwa mahututi anatoa nasaha ukurasa mzima, ndipo anakata roho.

Plot yenyewe: watoto yatima wanagawanywa kwa ndugu, kila mmoja anafanikiwa, mwisho harusi.

Nilipomaliza sura ya pili, ile ya kugawanywa, baba mkubwa akasimama katikati ya darasa.

"Mmesikia? Haya si maneno yangu. Ni kitabu kimepigwa chapa! Na wewe mwanangu umekisoma kwa mdomo wako mwenyewe."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitamani kitabu kiliwe na mchwa usiku ule ule. Lakini kazi niliyopewa ni kusoma, nikaendelea kila jioni, nikisoma hoja za kunivunjia nyumba.

Ijumaa tukafika sura ya mwisho. Harusi, ngoma, ng'ombe kachinjwa, ndugu wote wanakumbatiana, nasaha. Nikafunga kitabu.

Shangazi alikuwa nyuma anapukuchua maharage kwenye ungo. Akainua kichwa.

"Na yule mdogo?"

"Mdogo yupi, mama?" mwalimu akauliza.

"Yule aliyechukuliwa na shangazi yake. Amekufa?"

Mwalimu akachukua kitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma. Sura ya pili mtoto kapanda lori na shangazi. Baada ya hapo hakuna. Mwandishi kamsahau!

"Hajaandikwa tena," mwalimu akasema.

"Hee! Harusi ya kaka yake, ng'ombe mzima, mtoto hajapewa hata utumbo?"

Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja akadakia, "Huyo shangazi naye kampeleka wapi mtoto wa watu?"

Kicheko kikazidi, ila shangazi hakucheka. Alikuwa ananitazama.

Baba mkubwa akakohoa. "Hadithi tu hiyo. Mnamtafuta mtu wa kwenye karatasi?"

"Kaka," shangazi akamjibu, "juzi kilikuwa kitabu kimepigwa chapa. Leo kimekuwa karatasi?"

Jumapili kwenye kikao alisema mbele ya wazee wote kwamba hamchukui Yona. "Mbele ya macho ya dada yake hatapotea. Huko niendako sijui hata nitalala wapi." Na kama yeye hachukui, akauliza, hao wengine wanagawanywa kwa sababu gani?

Baba mkubwa alinuna, akasema tutaona njaa ikija. Wazee wakatupa msimu mmoja wa majaribio.

Tulilima kama watu waliochanganyikiwa. Mavuno yalipokuja, baba mkubwa mwenyewe alileta vihenge viwili vya kuhifadhia mahindi, akaviweka mlangoni, akaondoka zake. Habari ya kugawanywa haikurudi. Niliolewa baadaye, kwa hiari yangu, na mwanaume aliyekubali kuoa na wadogo zangu wote.

Nilichojifunza ni kwamba kazi mbovu usiitupe kabla hujaisikiliza pamoja na watu. Ukiisoma peke yako unachoka tu. Mkiwa wengi, yupo atakayeuliza kitu ambacho mwandishi hakukifikiria.

Lakini msije mkadhani nimekisamehe. Nakipa nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya jalada.

Haya, uwanja ni wenu. Ni muvi au kitabu gani cha ovyo kilichowahi kukufaa maishani? Mwageni hapa, mimi nipo nasoma kila comment.