Utepe wa Shingoni

Wiki iliyopita nilirudi Thamesmead kuondoa vitu vya marehemu baba kabla ya kukabidhi funguo za fleti. Juu ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria kubwa, chupa ile ya divai bado ilikuwepo, imejaa vumbi, shingo yake tupu. Nilikaa sakafuni, rafiki yangu, nikalia.

Tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mama alibaki Bukavu akingoja viza. Baba aliosha vyombo katika mgahawa wa Kiitaliano katikati ya jiji, akiota kufaulu mtihani wa kuwa mhudumu wa divai. Kila Jumapili, sombe ya majani ya muhogo ikichemka na harufu ya mawese imejaa nyumba nzima, alipanga dirishani chupa tupu alizoleta kutoka kazini ili akariri madaraja ya divai kwa sheria ya Waitaliano. Mimi nilimtahini kwa Kiingereza, yeye akajibu kwa Kiswahili.

“DOCG iko askofu,” alisema. “DOC mchungaji, IGT shemasi. Ile ya mezani ni sisi, watu ya benchi ya nyuma.” Kisha akacheka. “Lakini kuna shemasi anahubiri kupita askofu!”

Askofu aliyejaa divai tulikuwa naye mmoja tu, zawadi ya mpishi mkuu. Shingoni alikuwa na utepe wa karatasi wenye nambari. Baba alinieleza kwamba serikali ya kule hutoa utepe huo divai ikishapimwa na kuonjwa. Ukiwepo, hakuna anayeuliza chupa imetoka wapi. “Usiguse,” aliniambia. “Iko ya siku mama yako atafika. Subira yavuta heri.”

Tukasubiri. Barua za viza zilikuja, zote za kutuambia tungoje. Nilikuwa na miaka tisa siku niliyotoka shule, nikaikuta nyumba kimya kama kawaida, nikapanda kiti na kuubandua utepe ule taratibu kwa kitambaa cha maji ya moto. Niliutia katika bahasha ya barua tuliyokuwa tunamwandikia mama. Akiubandika kwenye pasipoti, niliwaza, uwanja wa ndege watampitisha.

Baba alipogundua hakunigombeza. Aliifunga bahasha, akampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Bukavu. Jirani aliporudi alituambia mama alicheka mpaka machozi, kisha akauweka utepe katika Biblia yake. Mwaka uliofuata mama aliugua, akafariki huko huko. Baba hakupanga tena chupa dirishani, na mtihani wake hakuufanya.

Jana niliifungua chupa hiyo nyumbani kwangu Ilford. Nilitoa glasi tatu, nikajaza moja. Divai ilikuwa imegeuka siki. Nilitamani mtu aniulize, kwa Kiswahili kile cha baba, hii iko daraja gani, lakini hakuna aliyebaki wa kuuliza. Niliinywa hivyo hivyo, mpaka glasi ikaisha.