Ugonjwa Ambao Hatukuuandika

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyenipa miaka mingi kuliko niliyostahili, ukaniachia macho ya kusomea na akili ya kukumbuka, hata yale ambayo ningependa kuyasahau. Kabla sijasema neno juu ya wanadamu, nakushukuru wewe. Na haya nayaandika mbele zako, nisije nikayapamba.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Lulindi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara. Kwa upande wa ukoo, mimi ni mjomba, na kwetu hilo si jambo dogo. Watoto wa dada yangu ni wa ukoo wetu, na watoto wa binti zake vilevile. Baba yao huwalisha na kuwapenda, lakini panapokuwa na neno la kusemwa mbele ya watu, anayelisema ni mjomba.

Binti wa dada yangu alifunga ndoa ya serikali na mkulima wa korosho wa Mnyambe, huko juu Newala, Mwislamu, mtu mpole asiyekunywa wala kupiga. Ndoa yao haikuvunjwa na jambo moja. Ilichakaa tu, kama mkeka unaolaliwa kila siku. Binti akaondoka, akaenda kuuza vitafunwa barabarani Nanganga, pamoja na mtoto wao mmoja, msichana wa miaka sita. Miaka miwili baadaye talaka ilitolewa, na ofisa wa ustawi wa jamii akawaagiza wakaandike mpango wa malezi: mtoto atakaa wapi, kwa muda gani, na nani atawajibika kwa lipi. Wakikubaliana, wampelekee karatasi.

Wao wakatuletea sisi wajomba.

Siku moja kabla ya kikao binti alifika kwangu akiwa na bahasha. Akasalimia, akakaa chini kwenye jamvi, akasema, "Mjomba, mtoto amepimwa. Ana selimundu."

Nilikuwa nimelisikia jina hilo, lakini sikulijua vizuri. Akanieleza kama alivyoelezwa hospitali: damu ya mtoto haipiti vizuri mwilini, baridi na kiu humletea maumivu makali, lazima anywe maji mengi, ameze vidonge kila siku, na homa ikimpata apelekwe hospitali siku ileile.

"Baba yake anajua?"

"Hajui. Ilijulikana nikiwa nimeshaondoka. Nataka kesho useme, iandikwe."

Nilikuwa nawaza wadogo zake wawili, ambao mmoja wao alikuwa amekwisha kutolewa posa. Niliwaza maneno yatakayosemwa huko juu Newala: ukoo ule una damu mbovu. Nikamwuliza ugonjwa umetoka upande gani.

"Daktari kasema kote kuwili. Kwangu na kwake."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," nikamwambia. "Tukilisema, tumewatukana na wao. Haya ni mambo ya ndani, mwanangu. Mfungashie mtoto vidonge vyake, umwelekeze. Ana akili."

"Mjomba, ana miaka minane."

"Umwelekeze," nikasema tena.

Kikao kilifanyika barazani kwangu. Mjomba wa mume alikuwa fundi mwashi mstaafu, mtu wa mizaha. Alipokwisha kuketi aliomba maji, akayanywa yote, akatazama ndani ya kikombe. "Nyie wa bondeni mna raha. Sisi kule juu maji ya kikombe hiki tunaoga, tunafua, na yanayobaki tunampa mgeni."

"Ndiyo maana wageni wenu hawarudi," nikamjibu, na watu wakacheka.

Wazazi wa mtoto hawakucheka. Walikaa kila mmoja upande wake, kimya, kama desturi inavyotaka. Tulianza kuandika, mimi nikiwa na kalamu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Muhula wa shule mtoto atakuwa Nanganga kwa mama. Likizo ya Juni na nusu ya likizo ya Desemba atakuwa Mnyambe kwa baba. Makabidhiano yatafanyika hapa kwangu. Hayo tuliyamaliza upesi.

Kisha tukaanza dini. Tulibishana Krismasi iwe ya nani na Idi iwe ya nani. Akiwa Mnyambe Jumapili, ataachwa aende kanisani? Akiwa Nanganga mwezi wa Ramadhani, atapikiwa mchana? Niliyataja maandiko, mwenzangu akayataja ya kwake, na asubuhi yote ikaisha hivyo. Hatimaye tuliandika kila sikukuu kwa jina lake. Nilijiona nimetenda kazi ya Mungu siku ile.

Karibu na mwisho binti aliinua kichwa. "Mjomba, kuna jambo la mtoto..."

"Tumemaliza," nikamkata. "Wakubwa wamekwisha kusema."

Mume wake wa zamani alimtazama. Nadhani alitaka kuuliza. Lakini mjomba wake naye alikuwa ameshika kofia yake, tayari kuondoka. Wote wawili wakatia sahihi.

Juni ilipofika mama alimleta mtoto kwangu, akiwa na begi la nguo na chupa ya maji. Nilisikia maagizo yake kwa masikio yangu. Alichuchumaa mbele ya mwanawe akasema, "Vidonge viko kwenye soksi nyeupe. Meza kimoja kila asubuhi. Usimwonyeshe mtu. Wakikuuliza, sema huumwi." Mtoto akaitikia. Mama aliposimama alinitazama mimi. Maneno yale yalikuwa yangu, yeye aliyabeba tu.

Baba yake alifika saa nne na bodaboda. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Akamvisha mtoto koti lake mwenyewe, mikono yake ikining'inia hadi magotini, wakaondoka.

Mwezi ule kule juu ni baridi. Asubuhi ukungu hufunika vijiji hata mikorosho ya uani huioni. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye na baba yake na bibi yake, na sina sababu ya kutowaamini. Mtoto alifurahi sana. Alikwenda na binamu zake kupanga foleni ya maji alfajiri, bila viatu, kwa kuwa na wao hawakuwa navyo. Alikunywa maji kidogo kama wanavyokunywa wote, maana huko mtoto anayeomba maji kila saa huambiwa hana adabu. Wiki ya pili miguu ilianza kuuma. Bibi yake akaikanda kwa mafuta ya moto, akidhani ni baridi tu. Walimwuliza kama huwa anaumwa. Akasema haumwi. Walimchemshia mizizi ya ming'oko, akala kidogo, akajikunja kwenye jamvi. Vidonge alivimeza siku za mwanzo, kisha binamu mmoja alipomwona na soksi mkononi, akaogopa, akavificha chini ya begi asiviguse tena. Alikuwa ametii. Katika habari hii yote, yeye peke yake ndiye aliyetii alivyoambiwa.

Asubuhi moja kikombe kikamponyoka. Akajaribu kukiokota kwa mkono uleule wa kulia, mkono usiende. Mdomo ukawa umevutwa upande. Baba yake alimfunga mgongoni kwa kanga ya bibi, akapanda bodaboda naye hadi hospitali.

Nilipigiwa simu nikiwa nafyeka chini ya mikorosho. Nilipofika, binti alikuwa ametangulia kutoka Nanganga, kadi ya kliniki mkononi. Muuguzi alikuwa akiisoma. Akauliza bila ukali, kama mtu aliyechoka, "Hii kadi ilikuwa wapi siku zote?"

"Kwangu," binti akasema.

Baba wa mtoto alisimama ukutani. Alinisalimia, hata siku ile hakuniacha bila shikamoo. Kisha akauliza, "Mjomba, mlijua?"

Mimi, niliyefundisha amri kumi kwa maisha yangu yote, niliitazama kadi mikononi mwa muuguzi. Binti ndiye aliyejibu. "Tulijua."

"Mngeniambia ningembeba hata kwenda chooni," akasema. "Nisingemwacha akanyage umande."

Mjomba wake alikuwa kwenye benchi. Nilitazamia anishambulie. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Hata sisi tulikuwa na watoto waliokufa kwa kuumwa miguu. Dada yangu alizika wawili. Nasi hatukusema." Hakuwa na mzaha siku hiyo.

Mungu hakumchukua mtoto, na kwa hilo namshukuru kila siku nikiamka. Lakini selimundu ilikuwa imemletea kiharusi: mkono wa kulia haujarudi kama ulivyokuwa, na maneno hutoka yakijikokota. Alikuwa akiandika vizuri. Sasa anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazolala, na amerudishwa darasa. Ukimwuliza kama anaumwa, humtazama kwanza mama yake.

Mpango wa pili uliandikwa wodini, kwenye daftari la shule, na waliouandika ni wazazi wenyewe. Sisi wajomba tulikaa kimya mlangoni. Binti alisema mtoto hatapanda tena Mnyambe. Baba akajibu kwamba ana haki ya kusema hivyo, ila yeye atashuka kwangu kila Jumamosi ya pili, amwone. Wakaandika jina la ugonjwa juu kabisa, kabla ya jina la shule. Wakaandika maji, viatu, sweta, chandarua, na kwamba kadi na vidonge vitasafiri na mtoto, na atakayekuwa naye atajulishwa. Sikukuu hawakuzitaja hata moja. Ofisa wa ustawi alipoisoma karatasi ile alisema ndiyo aliyoiomba tangu mwanzo.

Posa ya yule mdogo wa binti haikurudishwa. Nilikwenda mwenyewe kwa wazee wa mchumba wake nikawaambia habari ya selimundu, wakasema vijana wataenda wote wawili kupimwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Nalitaja hili ili ujue jambo nililoliogopa lilikuwa na ukubwa gani.

Kanisani tuna sala ya maungamo inayotaja tuliyoyaacha bila kuyatenda kabla ya kutaja tuliyoyatenda. Nimeiongoza sala hiyo tangu ujana, na siku hizi sauti hunipotea palepale mwanzoni, wenzangu wakaiendeleza. Jumamosi baba huja, mtoto hukaa magotini pake barazani, naye humnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, kama alivyofundishwa hospitali. Havinyooki vyote. Huanza tena.

Wewe unayesoma, Mungu akupe kusema mapema neno linalopaswa kusemwa. Awafunike watoto wako waliolala nyumba hii na waliolala nyumba ile, ampe anayewalea kujua yote anayopaswa kujua, na amani yake ikae nawe na walio wako. Amina.